Paul Broca: Daktari aliyeupata usemi upande wa kushoto wa ubongo

Husemwa mara nyingi siku hizi kwamba mtu hodari wa hesabu na hoja hutumia upande wa kushoto wa ubongo, na kwamba mshairi, mchoraji na mpiga ngoma hutumia upande wa kulia. Maneno hayo hurudiwa madarasani, katika semina za makazini na hata katika mazungumzo ya nyumbani. Asili yake ya mbali imo katika hospitali moja kusini mwa Paris, ambako mwaka 1861 daktari mpasuaji wa Kifaransa, Paul Broca, alimchunguza mgonjwa aliyebakiwa na silabi moja tu ya kusema. Kutokana na uchunguzi huo na mingine iliyoufuata, walimwengu walitambua kwamba pande mbili za ubongo hazigawani kazi kwa usawa. Hata hivyo, maisha ya Broca yanaonyesha pia jinsi mtu aliyeuheshimu sana ushahidi alivyoweza kupotoka pale ushahidi huo ulipogusa jambo aliloliamini tangu mwanzo.

Mtoto wa daktari wa mji mdogo

Paul Broca alizaliwa tarehe 28 Juni 1824 katika mji wa Sainte-Foy-la-Grande, kando ya mto Dordogne, si mbali na Bordeaux, kusini magharibi mwa Ufaransa. Wazazi wake walikuwa Waprotestanti katika nchi yenye Wakatoliki wengi. Baba yake alikuwa daktari aliyewahi kuhudumu katika jeshi la Napoleon. Kijana huyo alifaulu masomo ya fasihi na pia yale ya hisabati na fizikia, jambo linalofaa kukumbukwa kwa kuwa jina lake lingekuja kutumiwa kuwatenganisha watu wa hesabu na watu wa sanaa.

Alipokuwa na umri wa miaka 17 aliingia chuo cha udaktari mjini Paris, akahitimu mapema kuliko wenzake wengi. Katika miaka iliyofuata alipanda ngazi za hospitali na za chuo hatua kwa hatua. Aliandika juu ya saratani na namna inavyosambaa mwilini kwa kupitia mishipa ya damu, juu ya matege ya watoto, na juu ya magonjwa ya mishipa mikubwa ya damu. Mwaka 1857 alimwoa Adèle Augustine Lugol, binti wa daktari Jean Lugol, yule ambaye dawa yake ya madini ya joto ingali ikitumika hospitalini kwa jina lake. Walijaliwa watoto watatu.

Mwaka 1859 Broca aliunda Chama cha Anthropolojia cha Paris. Sababu ilikuwa mabishano. Alikuwa ametaka kuzungumzia asili ya makabila ya wanadamu mbele ya chama kingine cha wataalamu, na viongozi wa chama hicho waliingiwa na hofu. Serikali ya wakati huo nayo iliwatilia shaka watu waliokusanyika kujadili mambo ya namna hiyo, ikamtuma askari wa polisi kuhudhuria mikutano ili asikilize kama kuna maneno ya kuipinga dola au dini. Chama kilianza na watu wachache tu, lakini ndicho kilichokuja kuwa jukwaa la habari kubwa zaidi ya maisha ya mwanzilishi wake.

Mabishano juu ya makao ya usemi

Swali lililowagawa madaktari wa Paris lilikuwa hili: je, ubongo hufanya kazi wote kwa pamoja kama kitu kimoja, au kila sehemu ina kazi yake? Mwanzoni mwa karne ya 19 daktari Franz Joseph Gall alikuwa amedai kwamba kila tabia ya mtu ina mahali pake ndani ya ubongo, na kwamba mahali hapo huonekana kwa vinundu vya fuvu. Madai ya vinundu yalikataliwa na wataalamu, na fikra nzima ya sehemu kuwa na kazi maalumu ikaingia aibu pamoja nayo.

Hata hivyo, daktari Jean-Baptiste Bouillaud aliendelea kushikilia tangu mwaka 1825 kwamba uwezo wa kusema umo katika sehemu ya mbele ya ubongo. Aliahidi kutoa faranga 500 kwa yeyote atakayemwonyesha mtu ambaye sehemu hiyo imeharibika kabisa na bado anasema. Mkwewe, Ernest Auburtin, aliitetea hoja hiyo mbele ya chama cha Broca mnamo Aprili 1861. Broca alisikiliza bila kuegemea upande wowote.

Siku chache baadaye, katika hospitali ya Bicêtre, aliletewa mgonjwa mwenye uvimbe uliooza uliotanda mguu mzima wa kulia. Mgonjwa huyo aliitwa Leborgne. Wahudumu walimjua zaidi kwa jina la Tan, kwa sababu kila alipoulizwa jambo alijibu kwa silabi hiyo, aghalabu akiirudia mara mbili, huku akisaidiwa na ishara za mkono.

Mtu aliyejua asichoweza kutamka

Leborgne alikuwa fundi wa kuchonga kalibu za mbao za kutengenezea viatu. Tangu ujana alisumbuliwa na kifafa, lakini alijitafutia riziki mpaka alipofikia umri wa miaka 30, ndipo usemi ulipompotea. Akalazwa Bicêtre, na hakutoka tena. Baada ya miaka kama kumi mkono wake wa kulia ulianza kupooza, kisha mguu wa kulia, na mwishowe akawa mtu wa kitandani. Wengine hospitalini walimwona mkorofi, kwa kuwa alikasirika upesi asipoeleweka. Katika hasira kali aliweza hata kutamka apizo zima, kisha neno hilo lisirudi tena kwa hiari yake.

Broca alijitahidi kupima kama akili ya mtu huyo ilikuwa imetoweka pamoja na maneno. Alimwuliza amekaa Bicêtre miaka mingapi. Leborgne alifungua vidole vya mkono wake wa kushoto mara nne, kisha akainua kidole kimoja: miaka 21. Jibu lilikuwa sahihi. Akaulizwa tena kesho yake, akajibu vilevile. Aliweza pia kusoma saa. Broca alielewa kwamba mbele yake alikuwapo mtu anayesikia, anayekumbuka na anayefahamu, ila njia ya kutolea maneno ilikuwa imefungwa.

Leborgne alifariki tarehe 17 Aprili 1861, akiwa na umri wa miaka 51. Siku iliyofuata Broca aliuonyesha ubongo wake mbele ya wanachama wa chama chake. Upande wa kushoto, sehemu ya mbele, palikuwa na shimo lililoachwa na ugonjwa uliokula nyama ya ubongo kwa miaka mingi. Broca alikadiria kwamba uharibifu ulianzia katika mkunjo wa tatu wa sehemu hiyo ya mbele, mahali ambapo mpaka leo panaitwa eneo la Broca.

Miezi michache baadaye, Oktoba 1861, alimpata mgonjwa wa pili. Huyu alikuwa mzee wa miaka 84 aliyeitwa Lelong, aliyekuwa kibarua wa kuchimba udongo. Baada ya kiharusi alibakiwa na maneno matano tu, moja likiwa jina lake mwenyewe alilolitamka nusunusu. Kwa hesabu zote alitumia neno la tatu, kisha akasahihisha kwa vidole ili asikilizaye ajue idadi aliyoikusudia. Alipofariki, uharibifu ulionekana karibu mahali palepale, na mara hii ulikuwa mdogo na wenye mipaka iliyo wazi.

Kushoto, tena kushoto

Mwanzoni Broca hakusema lolote juu ya kushoto na kulia. Wataalamu wa zama zake waliamini kwamba viungo vilivyo pacha, kama macho mawili au figo mbili, hufanya kazi ileile. Kadiri wagonjwa walivyoongezeka, ndivyo alivyoshangaa. Kufikia mwaka 1863 alikuwa amekusanya visa vinane, na katika vyote uharibifu ulikuwa upande wa kushoto. Alilitaja jambo hilo kwa tahadhari kubwa, akasubiri visa zaidi. Mwaka 1865 ndipo alipotoa maelezo kamili: watu walio wengi huzungumza kwa kutumia nusu ya kushoto ya ubongo.

Alieleza kuwa jambo hilo linafanana na kutumia mkono wa kulia. Kwa kuwa nusu ya kushoto ya ubongo ndiyo inayouongoza mkono wa kulia, huenda mtoto huanza kujifunza kusema kwa nusu hiyohiyo anayoitegemea kwa kazi za mkono. Hakusema kwamba upande wa kulia ni bubu kabisa. Kwake, kuelewa maneno ni kazi ya pande zote mbili, na baadhi ya watu huweza kuwa na mpangilio wa kinyume. Kwa imani hiyo alijaribu hata kumfundisha upya mtu mzima aliyepoteza usemi, akitumaini kwamba upande wa kulia ungejifunza kama mtoto anavyojifunza.

Sifa ya ugunduzi huo haikuwa yake peke yake. Daktari wa kusini mwa Ufaransa, Marc Dax, alikuwa ameandika mwaka 1836 kwamba wagonjwa wake waliopoteza maneno waliumia upande wa kushoto. Aliwahesabu zaidi ya 40. Alifariki mwaka uliofuata bila maandishi hayo kuchapishwa. Mwanawe, Gustave Dax, naye daktari, aliyapeleka Paris mwaka 1863, na yakachapishwa mwaka 1865, muda mfupi kabla ya maelezo kamili ya Broca. Ubishi juu ya nani alitangulia haujaisha kabisa, lakini tofauti moja ni dhahiri: Dax alihesabu wagonjwa, Broca aliufungua ubongo na kuonyesha mahali penyewe.

Mizani iliyopotosha

Mkono uleule uliokuwa mwangalifu mbele ya Leborgne ulishika pia vipimo vya mafuvu. Broca alibuni vyombo vingi vya kupimia vichwa, akakusanya mafuvu ya watu wa mabara mbalimbali, na akawa bingwa wa Ulaya katika fani hiyo. Aliamini kwamba makabila ya wanadamu yana asili tofauti, kwamba ukubwa wa ubongo ni kipimo cha akili, na kwamba Wazungu wako juu ya Waafrika na wanaume juu ya wanawake. Aliupinga utumwa, akisema kuwa hali ya mtu kuwa chini haimpi mwingine haki ya kummiliki. Lakini wazo lenyewe la kuwa chini hakulitilia shaka.

Kasoro haikuwa katika kupima, kwa kuwa vipimo vyake vilikuwa vya makini. Kasoro ilikuwa katika kuchagua. Kipimo kilipokubaliana na imani yake, alikipokea. Kilipokwenda kinyume, alitafuta sababu ya kukiweka kando. Alipima bongo za watu waliofia katika hospitali za Paris, akapata wastani wa gramu 1,325 kwa wanaume na 1,144 kwa wanawake. Alijua kwamba wanawake wana miili midogo zaidi, na kwamba umri na ugonjwa hupunguza uzito wa ubongo. Bado alihitimisha kwamba sehemu ya tofauti hiyo ni upungufu wa akili.

Majibu yalitoka ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mwanafunzi wake, Léonce Manouvrier, alionyesha baadaye kwamba ukizingatia ukubwa wa mwili, hoja ya uzito wa ubongo wa wanawake haisimami. Naye Anténor Firmin, mwanasheria mweusi kutoka Haiti, alikubaliwa kuwa mwanachama wa Chama cha Anthropolojia cha Paris mwaka 1884. Akasikia mle yaliyokuwa yakisemwa juu ya watu weusi, na mwaka 1885 akachapisha kitabu kikubwa cha kutetea usawa wa makabila yote ya wanadamu. Alitumia takwimu zilezile za wapimaji wa mafuvu kuonyesha jinsi zinavyopingana zenyewe kwa zenyewe.

Jambo hili lina uhusiano wa karibu na habari ya pande mbili za ubongo. Baada ya Broca, madaktari kadhaa wa Ulaya walichukua ugunduzi wa upande wa kushoto wakaugeuza kuwa daraja la heshima. Upande wa kushoto ukafanywa kiti cha akili, cha ustaarabu na cha mwanamume. Upande wa kulia ukafanywa makao ya hisia, ya wazimu, ya mwanamke na ya watu walioitwa washenzi. Mgawanyo wa leo kati ya watu wa hoja na watu wa hisia umevuliwa matusi hayo, lakini bado umebeba umbo lake.

Siku za mwisho

Mwaka 1876 Broca alifungua shule ya anthropolojia mjini Paris. Miaka miwili baadaye alieleza sehemu ya ndani ya ubongo inayofanya kama ukingo kuzunguka shina lake, sehemu ambayo wataalamu waliomfuata waliihusisha na hisia na kumbukumbu.

Mwanzoni mwa mwaka 1880 alichaguliwa kuwa seneta wa maisha. Hapo ndipo palipotokea jambo ambalo wengi hawalitarajii. Mtu aliyeupima ubongo wa mwanamke akauona mwepesi ndiye aliyetayarisha taarifa ya kuunga mkono, mbele ya Seneti, mswada wa kuanzisha shule za sekondari za serikali kwa ajili ya wasichana. Hakuishi kuuona ukipita. Alifariki ghafla mjini Paris mwezi Julai 1880, akiwa na umri wa miaka 56. Sheria hiyo ilipitishwa Desemba mwaka huohuo.

Wenzake walifanya juu ya mwili wake yale aliyoyafanya yeye kwa wengine. Ubongo wake uliopimwa baada ya kifo ulikuwa na uzito wa gramu 1,424, juu kidogo ya wastani wa wanaume aliowapima, wala si zaidi ya hapo. Kwa mizani yake mwenyewe, Broca hakuwa mtu wa ajabu.

Alichokiacha

Mwaka 1874 daktari kijana wa Kijerumani, Carl Wernicke, alieleza sehemu nyingine ya upande wa kushoto. Inapoumia hiyo, mgonjwa husema kwa wepesi lakini maneno yake hukosa maana, na yale anayoambiwa hayaelewi vizuri. Katika miaka ya 1960, nchini Marekani, Roger Sperry na wenzake waliwachunguza wagonjwa wa kifafa ambao daraja la nyuzi linalounganisha pande mbili za ubongo lilikuwa limekatwa kwa upasuaji. Waliona kwamba kila upande unaweza kujua jambo ambalo mwenzake halijui. Sperry alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1981, na ni kutokana na kazi hiyo kwamba hadithi ya upande wa hoja na upande wa sanaa ilienea duniani, ikivuka mipaka ya yale ambayo uchunguzi wenyewe ulionyesha.

Yaliyothibitishwa ni ya kiasi zaidi. Kwa walio wengi sana miongoni mwa wanaotumia mkono wa kulia, usemi hutegemea hasa upande wa kushoto. Hata miongoni mwa wanaotumia mkono wa kushoto, wengi wako hivyo. Upande wa kulia nao husaidia kutambua mahali vitu vilipo, sura za watu, mzaha, na hisia zilizomo katika sauti ya msemaji. Lakini katika mtu mwenye afya daraja la nyuzi, lenye nyuzi zipatazo milioni 200, hupitisha habari kati ya pande hizo bila kukoma. Watafiti wa Marekani walipochunguza picha za bongo za watu zaidi ya 1,000 mwaka 2013, hawakukuta watu wa upande wa kushoto na watu wa upande wa kulia. Anayetunga shairi huhitaji maneno na mpangilio, na anayetatua hesabu ngumu huhitaji kuona umbo la jambo kabla ya kulithibitisha.

Hata ubongo wa Leborgne, uliohifadhiwa mjini Paris bila kukatwa, ulipigwa picha kwa mitambo ya kisasa, na matokeo yakatangazwa mwaka 2007. Ilibainika kwamba uharibifu wake uliingia ndani sana kuliko Broca alivyoweza kuona kwa macho, na kwamba eneo linaloitwa kwa jina lake halibebi peke yake mzigo wote wa usemi.

Urithi wenye manufaa ya kila siku uko vitandani mwa wagonjwa. Mtu aliyepatwa na kiharusi akapooza upande wa kulia na kunyamaza, bado huchukuliwa katika familia nyingi kuwa amepoteza akili. Watu huzungumza juu yake mbele yake kana kwamba hayupo. Broca alipomwuliza Leborgne swali, akasubiri, akahesabu vidole, alionyesha kwamba ukimya wa mgonjwa si dalili ya utupu wa kichwa. Wengi wa wagonjwa hao huelewa mengi kuliko wanavyoweza kutamka. Wapo wanaoweza kuimba maneno ya wimbo waliouzoea ingawa hawawezi kuyasema, na matabibu wa usemi huitumia njia hiyo kuwarudishia maneno. Aliyeshindwa kusema hupaswa kuulizwa pole pole, kwa maswali mafupi, na kupewa muda wa kujibu hata kwa mkono.

Mjini Paris, jina la Broca limepewa mtaa na hospitali. Jina la Leborgne halikupewa mtaa wowote. Kwa zaidi ya karne moja vitabu vilimjua kwa silabi yake tu, mpaka mwanzoni mwa karne hii watafiti walipopekua kumbukumbu za hospitali na za serikali na kubaini jina lake kamili, kazi yake na mji alikozaliwa. Mmoja alikuwa na maneno mengi, na mengine yalikuwa ya makosa. Mwingine alikuwa na silabi moja na vidole vitano vya mkono wa kushoto, na hesabu yake ya miaka ilikuwa sahihi.